Sura ya Nne: Mtoto Asiyeuona Ubao

Mtoto asiyeona mbali hana namna ya kujua kwamba haoni. Hajawahi kuazima macho ya mwenzake akaiona tofauti. Akiwa uwanjani shuleni mjini Songea, akaitazama milima ya Matogoro, anaona rundo la kijani lenye ukungu, na anaamini hivyo ndivyo milima ilivyo. Mwembe kwake hauna jani mojamoja. Mwalimu akiandika hesabu ubaoni, yeye anaona michirizi myeupe, na wenzake wanaponyoosha vidole kujibu, anahitimisha kwamba wamemzidi akili.

Kwa hiyo halalamiki. Tatizo la macho la aina hii haliumi, halitoi machozi wala tongotongo, halibadilishi sura ya jicho, na mwenye nalo hawezi kulisema kwa kuwa hajui kingine cha kulinganisha. Ni lazima mtu mwingine amtafute.

Asipotafutwa, hupewa majina. Akichungulia daftari la jirani ili anakili, anaambiwa anaangalizia. Akiacha kuandika, anaitwa mvivu. Akimpita shangazi yake barabarani Lizaboni bila kumwamkia, habari hufika nyumbani kabla yake: mtoto huyu siku hizi amekuwa na kiburi, hata shikamoo imemshinda. Kumbe shangazi alikuwa ng'ambo ya barabara, na kwa macho ya mtoto huyo, watu walioko ng'ambo ya barabara hawana sura. Ameadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, na hata yeye mwenyewe hawezi kujitetea.

Ninaiandika sura hii kwa ajili ya mtoto huyo, na kwa ajili ya mzazi, mlezi na mwalimu walio karibu naye. Nataka tulielewe jicho lake kwanza, kisha tujue la kufanya.

Jicho lililozidi urefu

Tunaona kwa sababu mwanga unaotoka kwenye vitu huingia machoni na kukusanywa mahali pamoja. Sehemu ya mbele iliyo angavu, iitwayo konea, hufanya takriban theluthi mbili ya kazi ya kuupinda mwanga huo. Nyuma ya mboni kuna lenzi laini inayomalizia kazi, na ndiyo inayobadilika umbo tunapohamisha macho kutoka mbali kuja karibu. Mwanga huishia kwenye retina, utando ulioko nyuma ya jicho, ambao hupeleka habari kwenye ubongo.

Aliyewahi kutazama sinema uwanjani usiku, picha ikirushwa kwenye shuka jeupe, analijua tatizo letu. Shuka likisogezwa nyuma, nyuso zinafifia na maandishi hayasomeki, ingawa mashine ni ileile na filamu ni ileile. Jicho lisiloona mbali mara nyingi ni jicho lililorefuka kupita kiasi, hivyo picha inatimia kabla ya kuifikia retina. Jicho la mtu mzima lina urefu wa milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi kwa milimita moja tu, mtu huhitaji lenzi ya namba kati ya -2.50 na -3.00 ili aone mbali vizuri. Jicho lenyewe halijaoza wala halijapata ugonjwa wa kuambukiza. Vipimo vyake vimepishana kidogo, basi.

Namba hizo za miwani zina maana rahisi ambayo kila mzazi anaweza kuitumia. Zinahesabiwa kwa kipimo kiitwacho dayopta. Chukua mita moja uigawanye kwa namba ya miwani, utapata umbali wa mwisho ambao jicho hilo linaona safi bila msaada. Mwenye -1.00 anaona safi hadi mita moja. Mwenye -2.00 anaona safi hadi nusu mita. Mwenye -4.00 mwisho wake ni sentimita 25, umbali wa kitabu kilichosogezwa puani.

Hesabu hii ndiyo inayoeleza kwa nini wazazi wengi hudanganyika. Baba anashuku, anamwita mwanawe, anampa gazeti na kumwambia asome. Mtoto mwenye -2.00 anasoma bila kukwama, maana gazeti liko mkononi, ndani ya ile nusu mita yake. Baba anaridhika. Lakini jaribio la gazeti limempima mtoto mahali ambapo hana tatizo. Ubao uko mita nne, tano au nane kutoka kwenye dawati, na huko ndiko anakopotea.

Tiba ya hali hii imejulikana kwa karne nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 11, Ibn al-Haytham, akiwa Kairo, aliandika kwa kina jinsi mwanga unavyoingia machoni. Miwani ya kwanza, ya kuwasaidia wazee kusoma, ilitengenezwa Italia karibu na mwaka 1286. Lenzi za kuwasaidia wasioona mbali zilifuata katika karne ya 15, na mwaka 1604 Johannes Kepler alieleza kwa nini zinafanya kazi: huutawanya mwanga kidogo kabla haujaingia jichoni, ili picha itimie nyuma zaidi, juu ya retina. Mtoto wa Songea anayekosa ubao leo anakosa kitu ambacho ulimwengu umekijua kwa zaidi ya miaka 500.

Kwa nini jicho hurefuka

Sehemu ya jibu ni urithi. Mtoto ambaye wazazi wake wote wawili hawaoni mbali ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa kama wao. Lakini urithi peke yake hauelezi yaliyotokea Asia ya Mashariki. Katika miji ya huko, kati ya vijana 10 wanaomaliza sekondari, 8 au 9 hawaoni mbali. Chembe za urithi za watu hazibadiliki kwa kasi hiyo ndani ya vizazi viwili. Kilichobadilika ni maisha ya utotoni: saa nyingi kwenye vitabu na skrini, saa chache chini ya jua.

Kwetu hali ni tofauti, kwa sasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima wanafunzi zaidi ya 2,500 wa sekondari jijini Mwanza na kukuta asilimia 5.6 hawaoni mbali. Ukijumlisha kasoro zote kubwa za macho zinazorekebishwa kwa miwani, walifika asilimia 6.1. Inaonekana ndogo. Lakini ukiipeleka hesabu hiyo kwenye darasa la wanafunzi 60, unapata watatu au wanne katika kila darasa. La kusikitisha zaidi ni kwamba kati ya waliohitaji miwani, ni watatu tu katika kila kumi waliokuwa wakiivaa kabla ya utafiti. Waliobaki walikuwa wanasoma kwa kusikiliza.

Hali hii huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 8 na 15, mwili unaporefuka na jicho likirefuka nao. Ndio umri uleule ambao walimu wetu, kwa nia njema, huwapanga wanafunzi kwa kimo: wafupi mbele, warefu nyuma. Msichana wa darasa la sita aliyerefuka ghafla mwaka huu anahamishiwa dawati la mwisho mwaka uleule ambao macho yake yanaacha kuuona ubao. Matokeo yake yakishuka, watu husema ni mambo ya balehe.

Je, tunaweza kuzuia? Kwa kiasi fulani, ndiyo, na njia yenyewe haina gharama. Huko Guangzhou, China, shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kuwa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, kwa mujibu wa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, watoto waliopata tatizo hili katika shule hizo walikuwa asilimia 30.4, wakati katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba walikuwa asilimia 39.5. Taiwan nayo tangu mwaka 2010 imekuwa ikizihimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku. Wanasayansi wengi wanaamini kwamba mwanga mkali wa mchana huifanya retina itoe kemikali iitwayo dopamini, ambayo hulizuia jicho lisirefuke ovyo. Hata chini ya kivuli cha mwembe, mwanga huzidi ule wa darasani mara nyingi sana.

Mtoto anayetembea kwenda shule, anayechota maji na kucheza mpira jioni anaipata dawa hiyo kila siku bila kuijua. Tusimnyang'anye. Tuisheni za mchana kutwa, prepu ndefu za bweni na simu ya mkononi ndiyo mambo yanayopunguza saa za jua hata huku kwetu. Mwalimu anayemwadhibu mtoto kwa kumfungia darasani wakati wa mapumziko atafute adhabu nyingine. Ila tuwe wakweli: jua husaidia kuzuia tatizo lisianze. Jicho likisharefuka halirudi kuwa fupi, na kinachobaki ni miwani.

Hofu ya miwani

Imani inayowakosesha watoto wengi msaada ni ile inayosema miwani huharibu macho. Mzazi ananunua miwani ya -1.00, baada ya mwaka mtoto anahitaji -1.75, na mzazi anasema, "Si niliwaambia?" Lakini namba imepanda kwa sababu mtoto anakua na jicho lake linaendelea kurefuka. Lingerefuka hata asingevaa. Nchini Malaysia, watafiti waliwapa baadhi ya watoto miwani pungufu makusudi, wakitumaini kwamba macho yasiyosaidiwa sana yatajitahidi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalikuwa kinyume: macho ya watoto hao yaliendelea kuharibika, tena kwa kasi zaidi kuliko ya wenzao waliopewa miwani kamili.

Imani ya pili ni kwamba karoti na mchicha vitamwondolea mtoto haja ya miwani. Vyakula hivyo ni muhimu kwelikweli. Maembe, mapapai, mboga za majani na viazi lishe vina vitamini A, na kuikosa husababisha mtoto asione gizani, kisha konea huharibika na upofu hufuata. Ndiyo maana watoto wa kuanzia miezi sita hadi miaka mitano hupewa matone ya vitamini A, na kwa kuwa surua huimaliza vitamini A mwilini, chanjo ya surua ni chanjo ya macho pia. Hata hivyo hakuna chakula kinachopunguza urefu wa jicho.

Ya tatu ni aibu. Jijini Dar es Salaam, watafiti waligawa miwani bure kwa kundi moja la wanafunzi na kulipa kundi lingine cheti tu cha kwenda kununua. Baada ya miezi mitatu, waliopewa bure karibu nusu yao walikuwa wanaitumia au walikuwa nayo shuleni. Kwa waliopewa cheti, ni robo hivi. Kumbe bei ni kikwazo, lakini haiko peke yake. Nusu ya waliopata bure waliiacha. Mtoto anayeitwa "babu" darasani huificha miwani yake kwenye begi. Mwalimu akikemea utani huo siku ya kwanza, ameokoa mwaka mzima wa masomo.

Ndugu wa tatizo hili

Si kila asiyeona vizuri ana jicho refu. Wapo wenye jicho fupi kupita kiasi. Mtoto wa namna hii anaweza kuona mbali bila shida, lakini kusoma humchosha, kichwa kinamuuma jioni na anakichukia kitabu. Jicho lake linajikaza muda wote ili picha ikae sawa. Akiwa mdogo, kujikaza huko kunaweza kulivuta jicho moja ndani, na makengeza ya watoto wa miaka miwili hadi minne mara nyingi huanzia hapo. Wapo pia ambao konea yao haikupindika sawasawa pande zote, hivyo mistari ya wima inaonekana vizuri na ya mlalo inapata kivuli. Wote hawa husaidiwa na miwani.

Jicho moja likiwa na kasoro kubwa kuliko lenzake, ubongo huamua kulitegemea lililo zima na kulipuuza lingine. Wataalamu huliita jicho vivu. Hapa muda una thamani. Kabla ya miaka saba au minane, miwani na kuliziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku vinaweza kulifundisha jicho vivu kazi upya. Baadaye inakuwa vigumu sana. Mboni ya mtoto ikionekana nyeupe, au ikimeremeta nyeupe kwenye picha za simu, usisubiri hata wiki, maana inaweza kuwa mtoto wa jicho au saratani, na saratani hiyo huua isipotibiwa mapema.

Watoto wengi wa Afrika Mashariki husumbuliwa na macho ya kuwasha, mekundu yenye ute. Ni mzio. Kuyafikicha kwa nguvu kwa miaka kunaweza kuibadilisha umbo konea. Wazazi hukimbilia duka la dawa na kununua matone yaliyomsaidia jirani. Baadhi ya matone hayo yana steroidi: huondoa wekundu kwa siku mbili, lakini yakitumika kwa miezi bila daktari huweza kupandisha presha ya macho na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto aliyekuwa na muwasho anakuwa kipofu wa kweli.

Kwa watu wazima, adui wa kawaida ni umri. Kuanzia miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho hukakamaa na kushindwa kubadilika ili kuona karibu. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, ulikuta hali hiyo kwa watu sita katika kila kumi waliofikisha miaka 40 na kuendelea. Mjini Songea utaiona popote. Fundi cherehani anamwita kijana amtungie uzi. Mama anachambua maharage na vijiwe vinabaki. Mkulima anashika kopo la kiuatilifu, maandishi ya kipimo hayasomeki, anakadiria. Ujumbe wa malipo ya mahindi unaingia kwenye simu, anamwita mjukuu amsomee, na namba ya siri inaanza kujulikana na watu.

Watu huona haya ni mambo madogo ya uzee. Siyo madogo. Huko Assam, India, wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya kuona karibu, na kazi yao ikaongezeka kwa zaidi ya sehemu moja ya tano, kama ilivyochapishwa mwaka 2018. Mchuma kahawa wa Mbinga, ambaye lazima aitenge buni nyekundu na ya kijani tawi moja baada ya lingine, anafanya kazi inayotegemea macho hayohayo.

Miwani ya kusomea inayouzwa sokoni inaweza kumfaa mtu ambaye macho yake mawili yako sawa. Lakini apimwe kwanza, kwa sababu umri huohuo huleta maradhi ambayo miwani haiyagusi. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyofifia, na tiba yake ni upasuaji wa kuweka lenzi mpya. Hakuna haja ya kungoja mpaka mtu asione kabisa. Presha ya macho huanza kuiba uoni pembeni, kimya, bila maumivu, na kilichopotea hakirudi. Mwenye mzazi au ndugu aliyepofuka kwa ugonjwa huu apimwe mapema. Naye mwenye namba kubwa ya miwani akiona mimweko ya ghafla, vidoa vingi vinavyoelea au kama pazia linashuka, awahi hospitali siku hiyohiyo, maana retina yake huenda inabanduka.

Herufi E ukutani

Turudi kwa mtoto, kwa kuwa yeye anahitaji mtu wa kumtafuta, na mtu huyo anaweza kuwa mwalimu. Huko Kitale, nchini Kenya, walimu walifundishwa kupima macho kwa simu. Waliobainika kuwa na tatizo waliandikiwa kwenda hospitali, na wazazi wao wakawa wanakumbushwa kwa ujumbe wa simu. Kwa matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018, asilimia 54 ya watoto hao walifika hospitali. Katika shule zilizotumia barua na chati za kawaida, walifika asilimia 22. Walimu waliweza kazi hiyo, na kumfuatilia mzazi kulizaa matunda.

Shule isiyo na simu ya namna hiyo inaweza kuanza na karatasi. Chora herufi E nyeusi yenye urefu na upana wa milimita 17 na nusu, kila mstari wake ukiwa na unene wa milimita tatu na nusu. Pima mita sita kwa futi ya kamba, mahali penye mwanga wa kutosha. Mtoto azibe jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, kisha aoneshe kwa mkono miguu ya E inaelekea wapi: juu, chini, kulia au kushoto. Igeuze mara tano. Akipata nne, jicho hilo limepita. Fanya hivyo kwa jicho la pili, maana jicho zima huficha kasoro ya mwenzake. Kipimo hiki hakihitaji mtoto ajue kusoma.

Aliyeshindwa, mpe kadi yenye tundu dogo la milimita moja hivi achungulie kupitia hapo. Akiona E vizuri, kuna matumaini makubwa kwamba miwani itamsaidia. Asipoona, huenda kuna ugonjwa, na safari ya hospitali isicheleweshwe. Vyovyote iwavyo, mwandikie mzazi, umweleze mahali pa kwenda. Songea ina hospitali ya rufaa ya mkoa, na Peramiho, umbali mfupi kutoka mjini, kuna hospitali ya misheni. Aulize siku za kliniki ya macho kabla hajapoteza nauli. Aliyepita kipimo lakini kichwa kinamuuma kila anaposoma, au ana makengeza, naye aende.

Kipimo hiki kifanyike kila Januari, wiki ya kwanza ya muhula, kabla wanafunzi hawajapangiwa madawati, na tena kwa kidato cha kwanza wote wanaporipoti. Orodha ya walioshindwa ikae kwa mwalimu wa afya. Wakati wakisubiri miwani, wasogezwe mbele hata kama ni warefu. Baada ya mwezi mmoja mwalimu aifungue orodha hiyo tena, aangalie ni nani anayevaa miwani darasani na nani bado, kisha ampigie simu mzazi wa yule ambaye bado. Kabla hajamwandikia mwanafunzi yeyote kwenye ripoti kwamba aongeze bidii, ahakikishe jina lake limepita kwenye kipimo hicho.